Waziri wa Huruma na Vikapu vya Ng'ambo

Nchi yetu ina jina zuri sana, ila sitalitaja, kwa kuwa kulitaja bila kibali ni kosa, na kupata kibali kuna foleni. Mimi ni mwananchi mtiifu. Nimepigia makofi hotuba ambazo sikuzisikia, kwa sababu spika zilikuwa mbovu, na sikuona sababu ya kumwadhibu kiongozi kwa kosa la spika. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia nayasimulia kwa nia njema kabisa. Atakayeona humu kuna mzaha, basi mzaha huo kauleta mwenyewe kutoka kwake.

Mambo yalianza asubuhi ile Mtukufu Kiongozi alipotangaza redioni kwamba taifa limehitimu. Kwa miaka mingi tulikuwa tukipokea misaada: unga, vyandarua, na wataalamu wa kutufundisha namna ya kupokea unga na vyandarua. Tulipokea kwa ustadi hata wageni wakatusifu. "Sasa tumekua," alisema Mtukufu. "Kuanzia leo sisi si taifa la kusaidiwa. Sisi ni taifa la kusaidia!" Tulishangilia mpaka umeme ukakatika, ingawa mambo hayo mawili hayahusiani.

Tatizo lilikuwa dogo tu. Kusaidia kunahitaji mtu wa kusaidiwa. Ikaundwa Wizara ya Huruma, na kwa gharama za kuiunda tukaomba msaada kidogo kutoka nje. Wizara ikatazama ramani, ikamwona jirani yetu wa mashariki, nchi ya Ng'ambo, akiwa hana cheo chochote duniani, ikamteua kuwa masikini wetu rasmi. Wang'ambo hawakuulizwa. Masikini akiulizwa anaweza kukataa, na hapo huruma inakosa pa kwenda.

Waziri wa Huruma alikuwa Mheshimiwa Dakta Sifaeli Majigambo, mtu mwenye moyo laini kiasi kwamba machozi humtoka kila aonapo kamera. Sote tulimpenda.

*

Katika jiji letu aliishi mwanamke aitwaye Kidawa Mbaruku, fundi cherehani wa sare za shule. Mama yake alikuwa Mng'ambo aliyeolewa huku kwetu, kwa hiyo Kidawa alikijua King'ambo tangu ananyonya. Mwaka ule mama yake alifariki. Arobaini ilipokwisha, Kidawa alivuka mpaka kwenda kuwapa ndugu habari zile kwa mdomo wake, kwani mama alikuwa amemwusia wasiambiwe kwa simu.

Huko alimkuta Nyamizi, mwanamke aliyekua na mama yake, wakichota maji pamoja na kugombana pamoja. Nyamizi ndiye aliyewaongoza wasukaji wa kijiji kile. Wanawake walikaa barazani wakisuka vikapu vya ukindu, vyekundu na vyeusi na vya rangi ya zambarau waliyoipika wenyewe kwa magome ya miti. Nyamizi alilia kwanza, akamkumbatia Kidawa, akalia tena, kisha akafuta uso na kuushika ukindu wake.

"Mama mkubwa," Kidawa aliuliza baadaye, "hivi vyote nani anavinunua?"

"Anakuja mchuuzi mmoja na lori. Anasema vikapu vimejaa dunia nzima, basi anavichukua kwa kutufanyia hisani tu. Bei yake hata ukindu haurudi."

"Na wale wa Wizara yetu? Redio kwetu inasema wanawasaidia sana."

Nyamizi alicheka mpaka ukindu ukamtoka mkononi. "Walikuja. Walituletea mablanketi. Na joto hili! Kisha wakatuambia, kwa kinywa cha mchuuzi yule, tuvue viatu tupigwe picha. Nikawauliza, viatu vimekosa nini? Wakasema vinaharibu ujumbe."

Wasukaji wote wakacheka. Kidawa hakucheka. Aliinua kikapu kimoja, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo.

"Nataka kufungua duka," alisema. "Niviuze jijini kwetu, niwalipe nyinyi bei ya haki kabla sijaondoka na mzigo."

Nyamizi aliacha kusuka. "Unatuonea huruma?"

"Hapana."

"Sema kweli, mwanangu. Mama yako amekufa, moyo unakuuma. Mtu akiumwa moyo hutafuta wa kumwonea huruma."

"Mama alikuwa na kikapu chako. Alikwenda nacho sokoni miaka yote, na hakukosa mtu wa kumsimamisha kumwuliza kakitoa wapi. Wengine walitaka kukinunua pale pale. Mama mkubwa, mimi sioni huruma hapo. Naona wateja."

"Basi kaa chini tupatane," alisema Nyamizi. "Na ujue mimi ni mgumu."

Walipatana mpaka chai ikapoa. Bei waliyofikia ilimuuma Kidawa kidogo, na alipopanda gari la kurudi aligundua kwamba maumivu yale yanampendeza.

*

Serikali yetu haimzuii mtu kufanya biashara. Inamtaka tu aombe ruhusa mpaka hamu imwishe. Kidawa alielekezwa Idara ya Vipimo vya Dhiki, kwa Mkurugenzi wake, Bwana Mtunguja, mtu mpole asiyepata kupaza sauti hata anapomharibia mtu maisha.

"Karibu, dada yangu. Wang'ambo wako chini ya huruma ya serikali. Ukitaka kuwasaidia, unapata kibali leo leo."

"Sitaki kuwasaidia. Nataka kununua kwao."

Bwana Mtunguja alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, kana kwamba ndiyo iliyosema. "Kununua? Tafakari, dada. Mtu ukinunua kwake, maana yake ana kitu. Mwenye kitu si mhitaji. Sasa wale wakiacha kuwa wahitaji, sisi humu tutakula nini?"

Jengo lile lina ghorofa nyingi, na kila ghorofa ina watu wenye watoto shuleni. Lazima tukiri kwamba hoja ilikuwa nzito.

"Hebu nione picha zao," aliendelea Mkurugenzi. Kidawa akampa picha ya wasukaji barazani. Bwana Mtunguja akaitazama kwa huzuni iliyoongezeka. "Huyu anacheka. Huyu naye amevaa saa. Na huyu, mbona ana meno yote?"

"Nikamng'oe?" aliuliza Kidawa.

Mkurugenzi hakukasirika. Akamshauri kama kaka. Asajili Mradi wa Huruma. Wizara ingempeleka kijijini mkufunzi wa machozi, bure. Kila kikapu kingebandikwa picha ya mtoto anayelia, na kingeuzwa ghali kuliko alivyokusudia, kwa sababu watu hulipia machozi kuliko wanavyolipia ukindu. Wasukaji wasingelipwa kitu, maana malipo yangewavunjia heshima yao ya uhitaji. Wao wangepewa matumaini.

Kidawa alisimama. "Bwana Mtunguja, umewahi kuwaona watu hawa?"

"Kwenye takwimu nawaona kila siku."

"Basi takwimu ndizo zifundishwe kulia," alisema Kidawa, akachukua picha yake na kuondoka.

Alifungua duka bila kibali. Nalisema hili kwa masikitiko.

*

Duka lilikuwa chumba kimoja katika Mtaa wa Shukrani, kati ya kinyozi na muuza simu. Kibao alikiandika mwenyewe: VIKAPU VYA NG'AMBO. WALIOVISUKA WANAIJUA KAZI. Kwa cherehani yake alishona kitambaa kidogo ndani ya kila kikapu chenye jina la aliyekisuka, na mteja akiuliza, Kidawa alimweleza: huyu ni Nyamizi, hodari wa ukingo, huyu ni Kabula, hachanganyi rangi akiwa na hasira, huyu ni Mwasi, mjane, na kama unataka kumsikitikia nenda kamsikitikie kwako, hapa lipa.

Watu walipenda kuzungumzwa hivyo. Walikuwa wamechoka kusikitishwa. Mama lishe walinunua, walimu walinunua, na maharusi wakaanza kuagiza. Hata mke wa Waziri wa Huruma alimtuma dereva wake, aliyeingia dukani na miwani myeusi na kuondoka na kikapu cha zambarau ndani ya gunia.

Kidawa alivuka mpaka mara kwa mara, akilipa na kuchukua. Mchuuzi wa lori alipokuja tena na hisani yake, Nyamizi alimwambia aipeleke mbele. Ile pesa ya vikapu ikawa mabati. Nyumba moja ikaezekwa, kisha nyingine, mpaka kijiji kikawa kinang'aa kwa mbali.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Wizara ilikuwa ikijiandaa kwa Siku ya Huruma, ambapo wafadhili wakubwa kutoka nje, wale wanaotusaidia tuwe taifa la kusaidia, wangekuja kuona. Kikosi cha picha kikatumwa Ng'ambo kupiga picha za mapaa yanayovuja. Kikakuta mabati. Kiongozi wa kikosi, mtu wa heshima, aliwaomba wanawake kwa ishara wayashushe kwa siku moja tu, kwa ajili ya uhusiano mwema wa nchi mbili. Nyamizi alikuwa anachovya ukindu. Alilinyanyua sufuria la rangi, akawamwagia, na kamera ya serikali ikarudi nyumbani ikiwa ya zambarau.

Wizara ilizizima. Mheshimiwa Majigambo alilia bungeni, safari hii machozi ya kweli. "Waheshimiwa, kuna mtu ndani ya nchi hii anahujumu dhiki ya kimkakati! Dhiki tuliyoilea kwa jasho! Leo ni mabati. Kesho watachimba visima. Kesho kutwa watatukopesha sisi!"

Bunge lilisimama kwa dakika ya ukimya kuiombolezea ile dhiki.

Mchana ule ule polisi walilifunga duka la Kidawa. Walichukua vikapu vyote na cherehani, na Kidawa mwenyewe wakamweka rumande.

*

Siku chache kabla ya sherehe, Wizara iligundua kwamba haina mkalimani. Mfasiri rasmi wa King'ambo, aliyekuwa akilipwa mshahara tangu kuundwa kwa Wizara, alijua maneno mawili tu, "asante" na "tena", na hadi hapo yalikuwa yametosha. Lakini wafadhili walitaka kusikia masikini wakizungumza. Bwana Mtunguja akaenda rumande, na nyuma yake akaingia Waziri mwenyewe.

"Binti yangu," alisema Mheshimiwa, "serikali haina kinyongo. Utatafsiri shukrani zao, na kibali chako nitakisaini palepale jukwaani. Utarudishiwa na cherehani."

"Na wasiposhukuru?"

"Utatafsiri shukrani."

Kidawa aliinamisha kichwa. Kodi ya chumba ilikuwa inamsubiri. Wanawake kule walikuwa wamesuka mzigo mpya na hawakujua kama atatokea. Aliwaza mabati, akawaza mwenye lori akirudi kucheka. Akiwa rumande hatanunua kwao hata ufagio.

"Nitatafsiri," alisema.

Hakusema atatafsiri nini, na wao, kwa haraka ya sherehe, hawakumwuliza.

Siku ya Huruma uwanja ulijaa. Nami nilikuwepo, safu ya mbele ya watiifu. Wafadhili walikaa kivulini. Nje ya uzio walisimama watu wetu wengine, wale ambao huwa hawaalikwi kwa sababu mavazi yao hayaendani na maendeleo. Basi la Wizara likawashusha wasukaji. Walikuwa wamekataa kuja mpaka waliposikia kwamba Kidawa atakuwepo, na walitaka kumwona kwa macho yao kama yu mzima. Wote walivaa viatu.

Mheshimiwa Majigambo alihutubia kwa muda mrefu. Alisema huruma ni mto, ni mlima, ni barabara ya lami. Alisema mkono unaotoa uko juu ya mkono unaopokea, na juu ya mkono unaotoa uko mkono wa Mtukufu, na juu ya hapo wataalamu bado wanachunguza. Kisha akawakabidhi wasukaji msaada wa taifa: kila mmoja kikapu kilichojaa unga.

Nyamizi alikipokea. Alikitazama. Akakigeuza kidogo, akachungulia ndani pembeni mwa unga, mahali palipokuwa pameshonwa jina lake. Kitambaa kilikuwa kimenyofolewa, zimebaki nyuzi. Akainua macho kumtafuta Kidawa, akamwona kando ya kipaza sauti, amekonda, askari nyuma yake.

Nyamizi akasema kwa King'ambo, polepole, kisha akanyamaza kusubiri.

"Shukrani, Kidawa," Waziri alinong'ona bila kusogeza midomo. "Shukrani."

Nilikuwa karibu. Nilimwona Kidawa akiitupia macho meza. Karatasi ya kibali ilikuwa imelala mezani, kalamu juu yake. Halafu akakishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili.

"Anasema: Kikapu hiki nimekisuka mimi."

Waziri akamgeukia ghafla.

"Anasema: Nilikiuza kwa mwanamke huyu, naye akanilipa. Nyinyi mmemnyang'anya yeye mkanipa mimi, na sasa mnataka nilie. Nilie nini?"

Nyamizi akaongea tena, sauti ikipanda, na sauti ya Kidawa ikapanda pamoja nayo. "Anasema: Sikuwatuma mniite masikini. Nina mikono, nina kazi, nina bei. Anayetaka kunisaidia anunue kwangu kwa bei yangu, na asiyetaka apite salama. Unga huu chukueni. Tulipoingia nimeona watu nje ya uzio, midomo imewakauka. Wale je, hamkuwaona kwa kuwa hawako ng'ambo?"

Nyamizi akaumimina ule unga miguuni pa Waziri, akakikung'uta kikapu vizuri, akamkabidhi Kidawa. Wenzake wakafanya hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka Kidawa akawa haonekani kwa vikapu.

Mimi, kama mjuavyo, hotuba ikiisha hupiga makofi. Ni tabia tu. Nikapiga. Watu wa nje ya uzio wakadhani ni ishara, wakapiga nao, na hao wana mikono migumu. Baada ya hapo sikumbuki kama kuna aliyesikia wimbo wa taifa.

*

Kidawa alishtakiwa kwa kutafsiri kwa uaminifu uliopitiliza. Hakimu alikuwa mtu wa busara, akampa nafasi.

"Mama, sema tu kwamba ulikosea maneno. Lugha ni ngumu, kila mtu hukosea. Ukisema hivyo unarudi dukani kwako leo."

"Sikukosea neno, mheshimiwa."

"Hata moja?"

"Hata moja. Mkitaka nitarudia."

Hakimu hakutaka arudie. Akampiga marufuku kuuza kikapu chochote ndani ya mipaka ya nchi yetu, maisha yake yote. Kidawa alitoka mahakamani, akaenda kumlipa mwenye chumba, akabeba nguo zake, akavuka mpaka. Hatua chache baada ya kizuizi, upande wa Ng'ambo, yeye na Nyamizi walisimamisha banda la mabati, wakapanga vikapu.

Watu wetu wakaanza kwenda. Kwanza mama lishe, kisha walimu, kisha mabasi ya maharusi. Serikali haikuweza kuwazuia, kwa sababu ilikuwa imewahimiza miaka yote waijali Ng'ambo. Wizara ikafikiri, na sharti niisifu kwa akili yake: iliweka meza mpakani, na karani, na kila mwananchi aliyerudi na kikapu aliandikwa kwamba amekwenda kutoa msaada. Taarifa zikapelekwa kwa wafadhili kwamba huruma ya taifa imepanda mno. Mheshimiwa Majigambo akapewa nishani.

Habari hiyo ilipomfikia Kidawa, alikuwa anapanga ukindu. Nyamizi akasema, "Waache waandike. Pesa si tumepata?"

"Hapana, mama mkubwa. Kule uwanjani walilinyofoa jina lako. Hapa hawalinyofoi tena." Na tangu siku ile kila aliyenunua aliambiwa na Kidawa neno moja tu: "Ukiulizwa pale mezani, sema ulichofanya."

Mimi nilikwenda kwa udadisi. Mwananchi mtiifu lazima ajue anachokilaani. Nilichagua kikapu cha Kabula, cha rangi nyekundu, nikaomba punguzo, Kidawa akanicheka, nikalipa bei yake. Niliporudi mpakani foleni ilikuwa ndefu. Mbele yangu alikuwa mwanamke muuza maandazi.

"Umesaidia nini?" aliuliza karani.

"Nimenunua."

Karani akaandika: amesaidia.

"Futa," alisema yule mama. "Nimekwambia nimenunua."

"Mama, hapa hakuna pa kuandika hivyo."

"Basi nitangoja mpaka papatikane." Akakaa chini, kikapu mapajani. Askari akatutazama sisi wengine, akamtazama karani, akaamua kutazama ng'ombe waliokuwa wakipita. Karani, jasho likimtoka, akaniita mimi, kwa kuwa nina sura ya mtu asiye na matatizo.

"Wewe, mzee, unaonekana mwelewa. Umesaidia, siyo?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nimesema ndiyo maisha yangu yote, na mdomo wangu unaijua njia yake. Nikakitazama kile kikapu changu, ndani yake jina la Kabula limeshonwa kwa uzi mweupe.

"Nimenunua," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na nyuma yangu foleni nzima ikaitikia.